Mama Kayai wa Upande Huu

Antena za Tarime zilitazama kaskazini. Kuanzia Bomani hadi Sirari, nyumba yenye televisheni ilijulikana kwa bomba la alumini lililofungwa kwenye mlingoti wa mkaratusi, na mabomba hayo yote yalikuwa yameigeuzia Dar es Salaam kisogo. Haukuwa uasi. Dar es Salaam haikuwa na cha kutuonyesha. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo yao. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Zanzibar na Tarime ni mbingu na ardhi. Serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, na Mwalimu alikuwa na hoja. Ila alikuwa mtu wa Butiama, mkoa wetu huu huu wa Mara, na mkoani kwake kulikuwa na watu waliokwisha kuionja anasa hiyo kwa hisani ya jirani, maana Kenya walianza kurusha picha mwaka 1962.

Mpaka ulifungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa 1983. Ng'ombe hawakulisikia tangazo hilo, wala mahindi, wala sabuni, wala shilingi ya Kenya, ambayo Sirari waliipokea dukani bila kuuliza umeitoa wapi. Redio nayo haikusimama kugongewa muhuri. Wapo wazee huku waliofunzwa adabu na Leonard Mambo Mbotela, kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kuliko walivyofunzwa na mwenyekiti wa kijiji. Sauti ya Kenya ikabadilishwa jina mwaka 1989 ikawa KBC. Sisi tukaendelea kusema "weka Kenya", nchi nzima tukaifanya mkaazi wa kisanduku kimoja. Na ndani ya Kenya hiyo alikuwamo mwanamke mwenye kitambaa kichwani na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya mto.

Mama Kayai. Jina lake halisi ni Mary Khavere. Kipindi kilikuwa Vitimbi, na mume wake humo ndani alikuwa Mzee Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau: mzee wa miwani na kofia, mjanja kidogo, mwoga zaidi, mwepesi wa kuanzisha jambo asilojua litaishaje. Ojwang alianzisha, Mama Kayai akamaliza. Ukitaka muhtasari wa Vitimbi, nimekwisha kuutoa.

Nimekuwa nikiwauliza watu wa rika langu wanakumbuka nini. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunisimulia kisa kimoja kikafika mwisho. Anaanza kwa kishindo, "Ile siku Ojwang alipodaiwa," kisha anasita, maana Ojwang alidaiwa siku zote. Mwingine anamkatiza kuwa hiyo ilikuwa ile ya wageni. Wanabishana kidogo, halafu bila kujua wameshaacha kuzungumzia kipindi na wameanza kuzungumzia uwanja: nani alikaa wapi, nani alifukuzwa, mbwa wa nani alikanyagwa. Nilidhani wanakwepa swali. Siku hizi naona ndivyo linavyopaswa kujibiwa, kwa sababu nusu ya kichekesho kile ilitungwa Nairobi na nusu ya pili tuliitunga wenyewe, gizani, juu ya mikeka.

Televisheni ya kilimani kwetu ilikuwa ya mnunuzi wa kahawa. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari iliyochajiwa kwenye mashine ya kusaga. Betri ilipochoka picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni. Ojwang akazidi kukonda, akabaki ukanda katikati ya kioo, kisha akatoweka ikabaki sauti. Hatukuondoka. Tuliisikiliza ile sauti hadi nayo ikaisha. Kijana mmoja alipangiwa mlingoti, kazi ya heshima yenye malipo mabaya, kwani aliyezungusha antena ndiye pekee asiyeona alichokizungushia. "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo! Hapo hapo! Umeipoteza!" Chenga zikijaa kioo, akatukanwa. Picha ikikaa vizuri, akasahauliwa huko huko juu.

Kazi kubwa kuliko ya antena ilikuwa kupanga watu. Kwa Wakurya mkwe na mkwe hawakai pamoja hivi hivi. Mwanamume na mama wa mkewe hupishana njiani kwa kupitia majani. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Kuna maneno baba hawezi kuyasikia mbele ya mtoto wake aliyetahiriwa, na mtoto hawezi kuyacheka mbele ya baba. Sasa weka kisanduku kimoja katika uwanja mmoja, na uite ukoo mzima. Wazee walipewa viti vya mbele. Vijana chini. Wake za watoto wa nyumba walikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, pazia likiwa limeachwa wazi kiasi cha jicho. Mama wa nyumba alijibanza nyuma ya ghala la mahindi, akaiona televisheni kwa upande, kila mtu kwake akiwa mwembamba hata betri ikiwa mpya. Nakumbuka mkwe mmoja, mume wa binti wa pale, aliyefika kusalimia siku ya Vitimbi. Hakuweza kukaa karibu na ghala, wala hakuweza kukaa mbele akampa mama mkwe kisogo, basi akasimama kando ya zizi, ambako hakuona kitu. Alikuwa akicheka kwa kuchelewa. Uwanja mzima ukicheka, ukinyamaza, ndipo kicheko chake kilipokuja kutoka kwenye ng'ombe, peke yake, cha adabu.

Mbele ya mkusanyiko huo uliopangwa kwa uangalifu wote huo, Mama Kayai alisimama, akashika kiuno, akamwambia mumewe yote.

Alimwambia kwamba ni mwongo. Alimwambia kwamba ni mvivu, kwamba hela imekwenda wapi, kwamba yeye si mjinga. Ilikuwa saa mbili usiku na kila aliyekuwapo alilisikia neno hilo. Baba mkwe alilisikia akijua kuwa mke wa mwanawe analisikia, na mke wa mwanawe alilisikia akijua kuwa mumewe analisikia, na hakuna hata mmoja wa pale aliyekuwa amelisema. Tusipake asali mambo haya: mkoa wetu umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa ile ambayo wanawake hupigwa sana majumbani, na mwanamke aliyejibu maneno hadharani alijua atalipia wapi. Ndiyo maana kicheko cha uwanja ule kilikuwa na sauti mbili. Kile cha mbele, cha vitini, kilikuwa cha watu wanaoona kioja. Kile cha nyuma ya pazia kilikuwa kifupi, cha puani, na kilitangulia kidogo. Waliokuwa ndani walijua Ojwang ataambiwa nini kabla hajaambiwa.

Sijui kama Khavere aliwahi kuambiwa kilichotokea asubuhi zilizofuata. Wanawake wa kilimani walianza kumwazima. Kulikuwa na mke mmoja mpole, wa kusema ndiyo, ambaye siku moja mumewe alirudi mnadani bila mbuzi na bila hela. Akamwekea ugali, akasimama wima, akashika kiuno, na kwa lafudhi ya Kijaluo ya Mama Kayai, iliyotimia kabisa, akamuuliza mzee wake alikuwa anafikiri nini. Wageni walikuwapo. Wakaangua kicheko. Mume akacheka pia, angefanyaje? Hakuwa amejibiwa na mkewe, alikuwa amejibiwa na Mama Kayai, na Mama Kayai alikuwa Kenya. Lakini mbuzi alikuwa mbuzi, na swali lilikuwa limeulizwa, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa na njia ya kuulizana. Mtindo ukaenea. Ukisikia mwanamke wa Kikurya kaanza kuongea kama Mjaluo jikoni, ulijua kuna mtu anakaribia kuambiwa ukweli.

Ile lafudhi haikuwa jambo dogo huku. Wajaluo si watu wa hadithi kwetu, ni majirani. Wako Migori ng'ambo ya mpaka, wako Shirati na Utegi upande huu, na hadi 2007 Rorya ilipokatwa kuwa wilaya yake, wote tulikuwa Tarime moja, tukigombea viti vya halmashauri, malisho na ng'ombe. Ng'ombe hasa. Hali ilifikia mahali polisi wakaipa Tarime na Rorya kanda maalum yao. Kwa hiyo Mkurya alipokaa kumcheka mtu anayesema silingi mia badala ya shilingi mia, hakuwa anacheka kwa moyo mweupe. Alikuwa akimcheka mtu aliyemjua kwa jina, aliyemshuku kwa ng'ombe wake wekundu wawili.

Halafu Mjaluo mwenyewe akaja kukaa. Walikuwapo akina mama waliopandisha samaki kutoka ziwani kuuza soko la Tarime, na waliokosa gari la kurudi walilala kilimani, wakaletwa kutazama. Tulitega sikio kuona kama watakasirika. Walicheka kutushinda. Walipiga makofi, walipiga mapaja, walimjibu Ojwang kwa lugha yao kabla Mama Kayai hajafungua mdomo, na mmoja wao, ambaye ujasiri wake ninauonea wivu, alitangaza kwamba huyu si Mjaluo wa Shirati, huyu ni wa Kisumu kabisa, anamsikia hata anavyovuta maneno. Akataja na upande wa Kisumu.

Mary Khavere ni Mluhya. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Nyumba ile ya Kijaluo iliyojulikana kuliko nyumba zote za Kijaluo Afrika Mashariki haikuwa na Mjaluo kwenye kitanda chake. Habari hizi zilipotufikia, miaka mingi baadaye, kwa magazeti na mahojiano, zilipokelewa kilimani kwa mashaka, kama habari ya kuwa mwezi ni jiwe. Lakini zikakaa. Na zilipokaa zikaanza kufanya kazi yake. Yule tuliyemcheka kuwa Mjaluo alikuwa amevaa Ujaluo, akiuvaa kwa upendo na kwa usahihi wa kumdanganya mwuza samaki wa Shirati. Basi tulikuwa tukimcheka nani?

Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Kenya ilichinjana kwa makabila. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Wakikuyu na Wajaluo walikuwa katikati ya moto ule. Tuliokaa mpakani tulisikiliza redio usiku kucha. Sina haja ya kupamba hapa: hakuna kichekesho kilichozuia panga. Ila mzee mmoja wa kwetu, asiye na mazoea ya maneno mengi, aliuliza jambo ambalo sijasikia mchambuzi yeyote akiliuliza. Aliuliza, "Sasa Ojwang atakimbilia upande gani?"

Vichekesho vya lafudhi vina sifa mbaya na mara nyingi vinastahili sifa hiyo. Nalijua hilo kwa sababu zamu yetu ilifika. Televisheni ya Tanzania ilipokua, antena zikaanza kugeuka kusini, na tulipoitazama Dar es Salaam kwa mara ya kwanza tukajikuta tumo. Mkurya wa vichekesho vya Dar es Salaam unamjua hata kama hujafika Tarime. Anaitwa Mwita, au Chacha, au Marwa. Ni askari au mlinzi wa geti. Ana panga au ana bunduki. Hatofautishi kula na kura, na kichekesho chote ni hicho, kwamba hatofautishi, kwamba anakasirika akisahihishwa, na kwamba akikasirika atakata mtu. Nimekaa ukumbini Dar es Salaam nikiwa Mkurya pekee kwenye safu, nikicheka na wenzangu, nikichelewa kidogo kila mara.

Nimefikiri sana kwa nini yale ya Mwita yananikera na ya Mama Kayai hayakuwakera wale wauza samaki. Si kwamba Nairobi wana adabu kuliko Dar es Salaam. Waigizaji wa vipindi vile vya KBC walikuwa na kila aina ya Mkamba, Mkisii na Mluhya wa kuchekwa, na baadhi yao walichekwa kijinga. Tofauti iko katika anachofanyiwa mwenye lafudhi mwisho wa kipindi. Mwita hushindwa. Lafudhi yake ndiyo kosa lake, na kipindi kinaisha akiwa amekamatika nalo. Mama Kayai hakushindwa. Alisema silingi, na silingi ile ndiyo iliyohesabiwa mezani, ikaonekana inapungua, na aliyeipunguza akapatikana. Aliyekuwa na Kiswahili cha moja kwa moja, karani au mgeni wa mjini, ndiye aliyetoka mlangoni akiwa mdogo. Khavere hakuicheza lafudhi kama kilema. Aliicheza kama nguo ya kazini, ya mwanamke mwenye shughuli, asiye na muda wa kuibadilisha kwa sababu yako.

Na alikuwa na kipaji ambacho wachekeshaji wengi wa sasa wangekodisha nyumba kukipata: alijua kusikiliza. Vipindi vile vilipigwa picha kwa umaskini, kamera imesimama mahali pamoja, ukuta umepakwa rangi moja, wakati mwingine mtu akiongea akiwa nusu nje ya picha. KBC wameviweka vingi mtandaoni na siku hizi vinaonekana kwenye simu. Ukivitazama leo utaona vinakwenda polepole kuliko kumbukumbu. Lakini mtazame Mama Kayai Ojwang anapojieleza. Hasemi. Anakunja shingo kidogo, anaangalia pembeni ya uso wa mumewe na si machoni, midomo imebanwa, na unaona uongo ukimfikia, ukipimwa, ukipangiwa mahali pa kukaa. Ojwang anaona anaonwa. Anaongeza maneno, ndipo anapojinyonga. Wakati Mama Kayai anapofungua mdomo kesi imekwisha. Sauti ile maarufu ni hukumu tu inasomwa. Utotoni tulikumbuka kelele, kumbe aliyekuwa akituchekesha ni mtu aliyenyamaza.

Mashabiki waliamini kwamba wawili hao ni mume na mke kweli kweli. Hawakuwa, kila mmoja alikuwa na kwake, na Khavere amelazimika kulieleza hilo katika mahojiano kwa miaka. Marekani walikuwa na mambo kinyume: katika I Love Lucy, kipindi kilichotawala jioni zao kati ya 1951 na 1957, Lucille Ball na Desi Arnaz waliigiza mke na mume na walikuwa mke na mume, naye Desi akiwa Mkuba mwenye Kiingereza cha kwao kilichochekesha taifa. Walitalikiana 1960, na watazamaji wengi waliumia kana kwamba wamedanganywa. Ojwang na Mama Kayai hawangeweza kutalikiana. Ndoa ambayo haikufungwa ina faida yake.

Wanjau alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na miaka 78, baada ya muda mrefu wa kusumbuliwa na macho. Wakenya walikuwa wamemchangia fedha ya matibabu, jambo linalotosha kueleza jinsi waigizaji wa zama zile walivyolipwa. Mwaka huo huo wa 2015 Kenya ilizima mitambo ya analojia. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba bomba la alumini halina kazi tena: anayetaka Kenya anunue king'amuzi kama anayetaka Dar es Salaam. Kilimani mabomba mengi yakawa ya kuanikia nguo.

Yote hayo ni ya Tarime. Serengeti ilikuwa na habari nyingine. Ukitoka Tarime ukapita Nyamongo, kwenye mgodi uliofunguliwa 2002, ukavuka Mto Mara na kuendelea hadi Mugumu, kwenye zama ninazozisema ulikuwa umeiacha picha nyuma. Antena ungezungusha hadi mkono ukatike, ungepata chenga. Na bado Mugumu wapo wanaomkumbuka Mama Kayai. Wanamkumbuka vizuri. Wanakuigizia.

Mmoja wao ni shangazi yangu. Aliolewa huko zamani, mume akafa mapema, hawakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi ya Wakurya, na ya majirani zao kadhaa wa Serengeti, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa mahari akaoa mke, mke azae, watoto wawe wa nyumba yake na mali ibaki na jina. Ni nyumba ntobu. Wasomi wameiandikia mengi na wanasheria wameilalamikia, na yapo ya kulalamikia, hasa kwa mabinti wadogo walioolewa bila kuulizwa. Ila kwa shangazi ilikuwa jambo la ng'ombe. Mashemeji zake walianza kuja kabla matanga hayajakauka, kwa upole, kushauri. Mwanamke peke yake atalishaje ng'ombe wote hawa? Shangazi, ambaye kwa asili ni mtu wa aibu na haongei mbele ya wanaume, alikuwa na tatizo: alijua jibu na hakuwa na sauti ya kulitolea.

Sauti ililetwa na binti wa Tarime aliyeolewa jirani. Binti huyo alikuwa na Vitimbi vyote kichwani, na akina mama walipokuwa wakipalilia ulezi alikuwa akiwapa kipindi kizima, Ojwang na Mama Kayai, zamu kwa zamu. Shangazi akaichukua. Mashemeji waliporudi wakamkuta uani, akashika kiuno, na kwa lafudhi ya watu ambao Mugumu hawakuwa wakiishi karibu nao hata kidogo, akawauliza wanamtafuta nani. Wanasema walicheka. Walicheka, wakakaa, wakanywa togwa, wakaondoka bila ng'ombe. Ikawa hivyo mara nyingi. Baadaye akaoa, nyumba ikapata watoto wa kiume wawili, na mashauri ya upole yakakoma.

Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwekea Mama Kayai kwenye simu. Nilikuwa na hamu ya kuona uso wake akimwona mtu aliyemwigiza maisha yake yote. Alivuta kiti, akavaa miwani, akatazama kwa makini hadi mwisho.

"Huyu siye," akasema.

"Ndiye, shangazi. Ndiye mwenyewe."

"Hapana. Huyu ni mpole. Anamwacha mwanamume anaongea."

Nikamwambia nilichokwisha kukuambia wewe, msomaji, kuhusu kusikiliza, kwa maneno machache zaidi. Hakushawishika. Wake alikuwa hamwachi mtu akafika nusu ya sentensi, na kwa mashemeji wale asingeweza kuwa vinginevyo. Mke wake, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alicheka kile kicheko cha puani ninachokijua. Shangazi akaniambia nirudishe nyuma. Tukatazama tena. Safari hii alimtazama Ojwang.

"Na mzee huyu yupo?"

"Alifariki shangazi. 2015."

"Pole yake mama wa watu. Alimwachia mtoto wa kiume?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba hawakuwa mume na mke, ilikuwa kazi tu, mzee ni Mkikuyu na mama ni Mluhya, jioni kila mtu alirudi kwake. Alinitazama juu ya miwani kwa huruma, kama mtoto aliyerudi mjini amefundishwa vibaya.

"Mura," akasema, "mtu hagombani hivyo na asiye mume wake." Akanirudishia simu. "Nakuuliza ng'ombe walichukuliwa na nani."